Kansa ya Tumbo: Je, Ni Laana ya Ukoo?



Katika vikundi tunavyotembelea, swali hili halikosi: "Baba alikufa na tumbo, sasa ni kaka. Nani anatumaliza?" Kabla ya kumnyooshea jirani kidole, tujifunze pamoja.

Mfano wa New Zealand
Ukoo mmoja wa Wamaori ulizika watu wapatao 25 katika miaka 30, wote kwa kansa ya tumbo. Mmoja alikuwa wa miaka 14 tu. Wengine walisema ni laana. Lakini wenyewe waliwaendea wataalamu, wakaeleza nani alizaliwa na nani na nani alikufa. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake walitangaza chanzo: jeni moja iliyoharibika, iitwayo CDH1.

Jeni ni nini?
Ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Jeni hii husaidia chembe za mwili kushikana, kama simiti inavyoshika matofali. Ikiharibika, kansa inaweza kuenea ndani ya ukuta wa tumbo bila uvimbe wa kuonekana mapema. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, mvulana au msichana, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kuirithi sio lazima kuugua, ila hatari ni kubwa. Baadhi ya watu wa ukoo ule walipimwa, wakaondolewa tumbo mapema, na wakaendelea kuishi.

Tusiogope bure
Urithi wa namna hii husababisha kama wagonjwa 1 hadi 3 tu kwa kila 100. Watu wa nyumba moja hushiriki mengine pia: bakteria H. pylori, ambayo hutibiwa kwa dawa, chakula cha chumvi nyingi, na sigara.

Tufanye nini?
1. Kila familia iandike waliokufa kwa kansa, umri wao na undugu wao.
2. Wakiwa wawili au zaidi wa damu moja, hasa vijana, mpelekee daktari karatasi hiyo.
3. Kukonda, kutapika damu, choo cheusi, au kushiba upesi: usingoje, nenda hospitali.

Maswali ya kujadiliana
- Kwetu, nani hulaumiwa ugonjwa ukirudi katika boma moja?
- Lawama hiyo imemponya nani?