Somo la Afya Nyumbani: Chai Baridi ya Nanasi na Pasheni Isiyoleta Ugonjwa

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika, jua la Thika huwaka vikali. Wakazi wa Ngoingwa wanaosubiri matatu saa saba mchana wanalijua. Wengi hukimbilia soda. Somo la toleo hili linahusu kinywaji kinachotokana na mazao ya kwetu wenyewe: turungi iliyopozwa na kutiwa matunda. Majani chai yamekuzwa katika eneo la Limuru tangu 1903, na mananasi yanalimwa hapa karibu na mji wa Thika.

Kinywaji baridi kinahitaji uangalifu kuliko chai ya moto, kwa sababu maji machafu yakiingia baada ya kupoa hakuna moto tena wa kuua vijidudu. Kaunti yetu imeshaonja uchungu wake: mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022, ulioenea hadi kaunti nyingine nyingi, ulianza na visa vilivyohusishwa na sherehe ya harusi huko Limuru. Homa ya matumbo nayo hupitia njia hiyo hiyo ya maji, mikono na chakula.

Mahitaji (glasi nane)

- Maji safi lita 2
- Majani chai vijiko vidogo 4
- Nanasi dogo 1 lililoiva
- Pasheni 4 na limau 1
- Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Sukari vijiko vikubwa 3, au pungufu

Hatua za kufuata

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda yote kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyakata, na sugua ganda la nanasi kwa brashi. Kisu kikipita kwenye ganda chafu hubeba uchafu hadi ndani ya tunda.

2. Menya nanasi. Tia maganda, kile kiini kigumu cha katikati na tangawizi iliyopondwa ndani ya maji, kisha chemsha kwa dakika 15. Maganda hayo ambayo wengi hutupa ndiyo yenye harufu nzuri.

3. Epua. Tia majani chai, funika, na subiri dakika 4 hadi 5 tu. Yakikaa zaidi, chai hupata ukakasi na uchungu ambao hata sukari haiufichi.

4. Chuja ingali moto, kisha koroga sukari. Katika chai baridi sukari huzama chini bila kuyeyuka, na mtu huishia kuongeza nyingine bure.

5. Ipoze haraka. Weka sufuria iliyofunikwa ndani ya beseni la maji baridi. Vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa hivyo chai isikae mezani zaidi ya saa mbili.

6. Ikishapoa, tia rojo la pasheni, maji ya limau na vipande vya nanasi. Weka kwenye friji na uinywe ndani ya siku moja. Asiye na friji atengeneze kiasi cha kunywewa papo hapo.

Suala la barafu

Watu wengi huamini kwamba baridi ya barafu huua vijidudu. Sivyo. Vingi husinzia tu, na barafu ikiyeyuka ndani ya glasi huamka. Barafu salama ni ile iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Ngoingwa iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Kiwango hicho kinatosha, mradi maji yatokote kwa dakika moja kamili. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaotumia maji ya kisima au ya kuletwa kwa lori. Njia nzuri zaidi ni kugandisha chai yenyewe kwenye trei, ili barafu isiifanye kuwa majimaji.

Je, ni bora kuliko soda?

Kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu, kila glasi ina sukari isiyozidi kijiko kidogo kimoja hivi. Chupa ya soda ya mililita 500 hukaribia gramu 50, yaani vijiko vidogo kama 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apunguze sukari ya kuongezwa hadi gramu 25 hivi kwa siku. Hata hivyo, chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Kina mama wajawazito na wenye upungufu wa damu wainywe kati ya milo, si pamoja na chakula. Anayetumia asali badala ya sukari asimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kwa vijana wanaotaka kuuza

Biashara hii haihitaji mtaji mkubwa, lakini mnywaji mmoja akiugua, wateja wote hutoweka. Kabla ya kuanza, pata kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na hufanywa upya kila miezi sita. Tumia ndoo yenye kifuniko na bomba, si kikombe cha kuchotea. Ukitaka kuijaza chupani na kuiuza madukani, utahitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Afisa wa afya ya umma aliye karibu nawe atakuelekeza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunda huoshwa kabla ya kumenywa, si baada?
2. Jirani amechemsha chai vizuri, kisha akaongeza barafu ya maji ya mtungi ambayo hayakuchemshwa. Je, kinywaji chake ni salama?
3. Chai iliyobaki mezani tangu saa nne asubuhi itafaa kunywewa saa tisa alasiri?

Ikiwa umejibu "la" kwa swali la pili na la tatu, uko tayari kuteleka sufuria.