Kusaka Maneno Madogo Kwenye Kamusi ya Kiarabu

Wengi wanaosoma Kiarabu hapa Dagoretti Corner husoma jioni, wakishatoka kazini. Jambo la kwanza wanalofunzwa ni mzizi: kitabu, maktaba na katibu wote wanatafutwa kwenye kafu, te, be. Basi ukikutana na min, ila au lakin, unapekua kurasa mzizi usiuone. Na bila maneno hayo huwezi kujua nani kamfanya nani nini.

1. Ijue kamusi yako kabla ya kuifungua. Ile ya Hans Wehr (Kijerumani 1952, Kiingereza 1961) imepangwa kwa mizizi. Al-Mawrid ya Rohi Baalbaki, ya 1988, inafuata herufi ya kwanza ya neno lilivyoandikwa, kwa hiyo maktaba iko kwenye mimu. Anayeanza na apate zote mbili akiweza. Al-Mawrid ni ya haraka, ila Wehr ndiyo inayokuonyesha ukoo wa neno.

2. Neno la herufi moja, nenda mwanzo wa herufi. Bi, li, ka, fa, wa na sa hushikamana na neno linalofuata, na Wehr ameyaweka mlangoni mwa kila herufi. Al-Mu'jam al-Wasit, kamusi ya Kiarabu kwa Kiarabu iliyotolewa na chuo cha lugha cha Cairo mwaka 1960, huanza kila herufi kwa kuieleza herufi yenyewe pamoja na kazi zake.

3. Bandua kilichogandana. Kwa Wehr, bidun iko chini ya dun, kwenye dali. Limadha ni li na madha.

4. Fuata maandishi, usifuate sikio. Hapa ndipo wanafunzi wanapopoteza muda mwingi zaidi. Lakin hutamkwa kwa "a" ndefu, kwa hiyo mtu anatafuta lamu na alifu. Alifu hiyo haiandikwi: neno ni لكن, lamu, kafu, nuni. Ukifika hapo utakuta jirani yake ni lukna, yaani ulimi mzito wa mtu anayekikosea Kiarabu. Hawana undugu wowote, wamekutanishwa na herufi tu. Hadha na dhalika nazo zimeficha alifu zao. Ulaika inafanya kinyume: ina wau inayoandikwa wala haisomwi.

5. Anza na yale uliyo nayo mdomoni. Baada, kabla na baina yana mizizi kamili ya herufi tatu, kwa hiyo yatafute kama neno lolote. Labda yetu ni la budda. Itafute kwenye be na dali, siyo kwenye lamu. Hata, bali na au hayana mzizi wa kusaka. Yafuate herufi kwa herufi.

6. Ukikwama kwenye maana, rudi kwenye kitenzi. Raghiba fi ni kutaka kitu. Raghiba an ni kukikataa. Ukilifungua fi peke yake hutaipata tofauti hiyo hata usome ukurasa mzima, kwa sababu kamusi nzuri huiandika chini ya raghiba. Kwa hiyo unapoandika kitenzi kipya daftarini, kiandike pamoja na neno dogo linalokifuata. Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote.

7. Kabla ya kununua, linganisha. Panda matatu ya Ngong Road hadi mjini, uingie maktaba ya Msikiti wa Jamia, utafute neno moja, tuseme ala, kwenye kila kamusi utakayoikuta rafuni. Wehr ameliweka kwenye aini, lamu, wau, pamoja na ukoo wa kupanda juu.

8. Ukishakomaa, ulizia Mughni al-Labib ya Ibn Hisham, mwanasarufi wa Cairo wa karne ya 14. Sehemu yake ya kwanza ni ya maneno haya madogo, yamepangwa kwa alifabeti, na kila moja limechambuliwa kwa mifano ya Qurani na mashairi.