Chuma Ndani ya Mshipa wa Moyo

Mzee wa Butiama au wa Bunda ashikwapo na maumivu ya kifua, huenda akapelekwa kwanza Musoma, na toka huko akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Huko aweza kutiwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa metali kinachotanua mshipa uliosonga, ili damu ipate njia. Jamaa zake huuliza: Je, chuma hiki hakitaoza mwilini? Kilijaribiwa wapi? Swali hilo lastahili jibu.

Mvuvi wa Musoma ajua kwamba msumari hafifu huliwa na maji ya ziwa. Damu nayo ina chumvi. Tena, ikigusa kitu kigeni yaweza kuganda na kuziba njia. Chupa ya maabara haitoshi kutuonyesha hayo yote. Mwaka 1969 Daktari Charles Dotter wa Marekani alitangaza majaribio yake katika mishipa ya miguu ya mbwa: vibomba vya plastiki viliziba, bali koili za chuma cha pua ziliacha damu ipite. Mwaka 1986 stenti ya kwanza ilitiwa katika mshipa wa moyo wa mtu, huko Toulouse, Ufaransa.

Siku hizi nguruwe hutumika sana, kwa kuwa moyo wake wakaribiana na wetu kwa ukubwa na umbo. Baada ya siku kama 28 mshipa hutazamwa kwa darubini: je, nyama imeota ndani kupita kiasi? Mchanganyiko wa kobalti na kromi hutakiwa kudumu. Ule wa magnesi hutakiwa kuyeyuka, lakini si kabla mshipa haujapona. Hata hivyo, nguruwe kijana mwenye afya si mzee mgonjwa. Kwa hiyo majaribio kwa watu waliokubali wenyewe hayana budi kufuata.

Je, ni halali kumwumiza mnyama? Katekisimu, namba 2417 na 2418, yakubali majaribio yenye kiasi yanayosaidia kuokoa maisha, lakini yakataa kumtesa mnyama bure. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yakataza ukatili. Mchunga ng'ombe mwema wa Mara aelewa kanuni hii: wasitumike zaidi ya wale wa lazima, wala wasikose dawa ya ganzi.

Naye aliyetiwa stenti asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari wake. Chuma chaweza kuwa imara, na damu bado ikaganda juu yake.