Nyatiti na Ukimya: Neno na Mandhari katika Muziki wa Ayub Ogada

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika wimbo wa Kijaluo uitwao Kothbiro, yaani 'mvua inakuja', mwimbaji anawahimiza walio malishoni wawarejeshe ng'ombe nyumbani kabla mvua haijanyesha. Ni ujumbe wa kawaida ambao mzazi yeyote angeweza kuutoa jioni. Hata hivyo, wimbo huu ulipotumiwa katika filamu ya The Constant Gardener (2005), inayohusu kifo na dhuluma, mtazamaji asiyejua Kijaluo aliupokea kama maombolezo. Je, alikosea? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza kazi ya Ayub Ogada, na kuonyesha linavyotuhusu sisi wanafunzi wa fasihi simulizi.

Msanii

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waasisi wa bendi ya African Heritage jijini Nairobi. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, akawa akiipiga nyatiti yake hadharani mbele ya wapita njia jijini London. Baadaye alijiunga na studio ya Real World iliyoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 1993 ikatolewa albamu yake En Mana Kuoyo, maana yake 'ni mchanga tu', ambamo Kothbiro imo. Aliaga dunia mwezi Februari 2019 katika eneo la Kisumu.

Suala la istilahi

Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu ya Ambient 1: Music for Airports. Alikusudia muziki unaotanda mahali kama mwanga au harufu. Msikilizaji aweza kuutegea sikio au kuuacha upite, na hali zote mbili zikafaa. Twauiteje kwa Kiswahili? 'Muziki wa mazingira' hukanganya, kwani huweza kudhaniwa kuwa ni nyimbo za kuhifadhi misitu. Tunapendekeza 'muziki wa mandhari'. Katika uhakiki, mandhari ni mahali na hali ambamo tukio hutendeka. Muziki wa aina hii nao hauelezi tukio, bali huunda hali hiyo.

Ala na fanani

Eno alitegemea kanda na mitambo. Ogada aliufikia utulivu unaokaribiana na huo kwa njia nyingine: aliutoa ndani ya ala yenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda, akavaa pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ala kushika mapigo. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja.

Vifungu vya nyuzi hurudiwarudiwa kwa mzunguko. Katika uwasilishaji wa jadi mzunguko huo ni kama mkeka uliotandikwa ili maneno yaketi juu yake: sifa, utani, nasaba na habari za kijiji. Katika Kothbiro Ogada aliyapunguza maneno, akailegeza sauti yake, akauacha mkeka uonekane. Takriri, ambayo awali ilikuwa mtumishi wa neno, ikawa ndiyo kiini cha wimbo.

Kilichopotea

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Katika utamaduni wa Wajaluo kuna pakruok, ambapo mmoja wa wahudhuriaji humkatiza mpiga nyatiti, humtuza, kisha akajisifu au kumsifu ampendaye. Hapo hadhira si wasikilizaji tu, bali ni watunzi wenza. Katika studio hakuna wa kumkatiza fanani. Kwa hiyo, wimbo uliovuka bahari ulivuka bila nusu ya watunzi wake, na waliousikia ng'ambo hawakujua kuwa kuna kilichoachwa nyuma.

Kilichosalia

Hata hivyo, tusifanye haraka kumlaumu mtazamaji wa filamu. Nyatiti ni ala ya sherehe, lakini pia ni ala ya matanga. Kwa miaka mingi imepigwa kuwaomboleza na kuwasifu marehemu. Mtazamaji huyo hakuelewa habari ya ng'ombe na mvua, lakini huzuni aliyoisikia haikuwa ngeni kwa ala hiyo. Alilikosa neno, akaipata dhima mojawapo ya muziki wenyewe. Isitoshe, onyo kwamba mvua inakuja hubeba hofu ya kuchelewa kufika nyumbani, nayo hofu hiyo haiko mbali na maombolezo.

Hitimisho

Tumeona kwamba msikilizaji wa ng'ambo huchukua sauti akaliacha neno. Sisi je? Twendapo nyanjani kukusanya nyimbo, mara nyingi hurudi na beti zilizoandikwa kwa unadhifu, tukahesabu takriri na kutaja jazanda, ilhali hatuandiki lolote kuhusu mapigo ya mguu, kimya kati ya vifungu, wala aliyemkatiza mwimbaji. Huchukua neno tukaiacha sauti. Makosa haya mawili ni pacha.

Tunapendekeza, basi, kila wimbo unaokusanywa uambatane na maelezo ya ala, mwendo, mahali na hadhira, na kanda yake ihifadhiwe pamoja na maandishi. Ogada alithibitisha kwamba nyuzi nane zaweza kusema hata pale lugha isipofika. Ni wajibu wa mwanafunzi wa fasihi kuzisikiliza nyuzi hizo, na pia kumweleza asiyejua Kijaluo kwamba mahali fulani mtu anaita ng'ombe warudishwe, kwa maana mawingu yamekwisha kutanda.