Dondoo muhimu: Kanusha kwa sentensi iliyonyooka

Diwani au mfanyabiashara wa hapa Gatitu, Nyeri, akichafuliwa jina, huambiwa anyamaze, maneno yatapoa. Hayapoi. Kwa mfano, Agosti 2004 gazeti lilimnukuu Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, akidai virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na wanasayansi. Oktoba aliposhinda Tuzo ya Amani ya Nobeli, swali kuhusu kauli hiyo likamfuata hadi ng'ambo. Desemba akatoa taarifa ya maandishi: hasemi wala haamini kwamba watu weupe waliviunda ili kuwaangamiza Waafrika. Kweli, kukanusha hurudia tuhuma, na miezi hiyo yote, kwa maoni yangu, ilikuwa mingi mno. Lakini maandishi yenye tarehe hunukuliwa yalivyo, ilhali kimya hutafsiriwa na kila mpita njia. Taja basi tuhuma yenyewe. “Nilieleweka vibaya” tupu haimtoshi mwandishi wa habari.