Karani wa Mizani

Katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, kahawa ndiyo mali ya watu wengi. Tangu zamani buni zilichemshwa na kukaushwa, mgeni akapewa azitafune, iwe alama ya urafiki. Hata leo desturi hiyo haijasahauliwa. Kwa fedha ya buni mtu huezeka nyumba, hununua sare za watoto, humwoza mwanawe. Basi apelekapo gunia lake mizanini, hapeleki buni tu, hupeleka jasho la mwaka mzima. Neno hilo yampasa karani kulijua kabla ya kuijua kalamu yake.

Katika kijiji kimoja cha Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, palikuwa na kijana aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Asubuhi moja ya msimu, alipokwisha kupima mizigo ya watu saba, akaja mzee mmoja na gunia juu ya baiskeli. Likapandishwa, mshale wa mizani ukasimama penye kilo 57.

"Hamsini na saba!" akapiga kelele yule mzee. "Nyumbani lilikuwa sitini na nne! Kilo saba zimekwenda wapi? Ninyi makarani ni wezi, tena ni wana wa wezi!"

Watu wengine wakacheka, wengine wakanung'unika. Kijana akaona uso unamwaka moto, maana ametukanwa yeye na baba yake mbele ya kijiji kizima. Jibu alikuwa nalo tayari: kwamba mizani ile imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama, na asiyeitaka achukue gunia lake aende zake. Na pa kwenda palikuwapo. Kando ya njia alisimama mchuuzi na pikipiki yake, mmoja wa wale wavushao kahawa kwa magendo mpaka Uganda, ng'ambo ya mto Kagera. Watu wa namna hiyo hupenda sana kusikia ugomvi mizanini.

Lakini kijana akaweka kalamu chini, akanyamaza hata maneno ya mzee yakamwishia. Ndipo akasema, "Shikamoo, baba. Keti kwanza." Alipokwisha kuketi akamwuliza, "Gunia hili ulilipima lini?"

Hapo habari ikatoka. Mzee alilipima siku ishirini zilizopita, na buni zilikuwa hazijakauka sawasawa. Buni zenye maji ni nzito. Zikianikwa juani hata kiini kikalia ndani ya ganda zinapotikiswa, uzito hupungua. Tena palikuwa na habari ya pili, iliyo chungu zaidi. Mwaka uliotangulia mtoto wake aliugua, naye akauza kahawa ingali maua mtini, biashara iitwayo butura, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alipokuja kuchukua mavuno akampunja mara ya pili kwa mizani yake. Tangu siku ile mzee hakuamini mizani yo yote. Matusi aliyoyatoa asubuhi ile yalimstahili mtu mwingine, ambaye hakuwapo.

Kijana angaliweza kuishia hapo, kwa kuwa neno la kukauka lilikuwa kweli, na wengi wangaliishia hapo wakajiona wameshinda. Yeye akaliondoa gunia, akamwonyesha mzee kwamba mshale umerudi penye sifuri. Akaweka jiwe la kilo 20. Mshale ukasema 20.

"Waona, baba?"

"Jiwe lako nimeliona," akajibu mzee. "Gunia langu je?"

Karani akalirudisha gunia juu ya mizani. Safari hii hakuutazama mshale. Akainama, akalitazama gunia lenyewe pande zote. Akaona pembe yake moja imeegemea ukuta, na ukuta unabeba sehemu ya mzigo. Akaisogeza mizani mbele kidogo. Mshale ukapanda, ukasimama penye 60.

Watu wote wakanyamaza. Kijana akasimama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Kilo nne zimekwenda na jua, baba. Tatu nimekupunja mimi bila kujua. Niwie radhi."

Mzee akamtazama sana. Kisha akasema, "Andika sitini."

"Hamsini na tisa, baba. Gunia lenyewe lina kilo moja."

Mzee akacheka, akatia mkono mfukoni, akatoa buni mbili kavu za kutafuna, akampa moja. Mchuuzi akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akipumzika chini ya mti akauliza, "Na sisi tuliotangulia?" Kijana akafungua daftari, akayatazama majina saba. Hakujua ni magunia mangapi kati yao yaliegemea ukuta. Akawaambia wachukuzi wayatoe yote ghalani, yapimwe upya, moja moja, wenyewe wakiwapo.

Waliokuwa nyuma katika safu wakaanza kupiga kelele, kwa maana jua lilikuwa limepanda na wengine walitoka mbali. Mmoja akamwita mvivu, mwingine akasema hajui kazi. Kijana akaiweka kalamu chini mara ya pili.