Kondo la Nyuma na Kinga ya Mama

Mtoto aliye tumboni nusu ya asili yake ni ya mama na nusu ni ya baba. Mtu akitiwa figo ya mwenziwe, mwili wake huipiga vita; mbona basi mwili wa mama haumpigi mtoto huyu miezi tisa yote? Suali hili aliliuliza Peter Medawar, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1953, nalo bado lachunguzwa.

Lililojulikana ni kwamba ngozi ya nje ya kondo la nyuma, iguswayo na damu ya mama, haina zile alama za baba ambazo askari wa mwili huzitafuta ili kumjua mgeni. Na la ajabu zaidi, askari walio wengi katika mji wa mimba mwanzoni mwa mimba kazi yao si kupigana. Husaidia kupanua mishipa ya damu, mtoto apate chakula.

Kondo hilo huvusha pia kinga ya mama kumpa mtoto, hasa miezi ya mwisho. Ndiyo maana mja mzito hudungwa sindano ya pepopunda. Wako waume wawazuiao wake zao sindano hiyo kwa kumchelea mtoto, na ilhali siku zake za kwanza, kitovu kingali kibichi, damu yake haina kinga nyengine ya maradhi hayo ila aliyopewa na mamake.